Mlima Uliotajwa na Mtu Mmoja

Kila aliyeulizwa jina la mlima ule aligeuza uso.

Hagerup, mchora ramani, alikuwa ameketi nyumbani kwa mzee Abia, na karatasi yake imetandazwa juu ya ngozi ya dubu. Safu nzima ya milima nyuma ya hori ya bahari ilikwisha kupata majina kutoka vinywani mwa wenyeji: Mgongo wa Dubu, Kidari cha Bata, Asiyelala. Ulibaki mmoja tu, mrefu kuliko yote, na majirani waliojaa nyumbani mle wakawa kama watu walioshonwa midomo.

"Tulimaq!" akasema Salomine, mke wa Abia, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Unaitwa Tulimaq, kama mwanangu."

Majirani wakaacha kutafuna. Mmoja akainuka, akatoka.

Hagerup alikuwa ameishi miaka mingi katika pwani ile ya mashariki ya Grinlandi, akaelewa. Kwa watu wale jina la marehemu halitamkwi mpaka apewe mtoto mchanga. Hapo aliyekufa huhesabiwa kuwa amerejea, na mama yake humpakata mtoto yule akamwita mwanangu. Hata mlima ulioshiriki jina hilo hunyamaziwa. Naye Tulimaq alikwenda kuwinda chini ya mlima ule majira ya baridi ya mwaka juzi, asirudi. Kijiji kizima kilikwisha kunyamaza. Aliyekataa ni mama yake peke yake.

"Shangazi," akasema Birgithe, binti wa kaka yake Salomine, huku akimnyonyesha mwanawe aliyezaliwa juma lile. "Jumapili mtoto anabatizwa. Nihurumie. Nipe jina."

"Jina la mtu aliye hai haliazimwi. Wewe umeiona maiti?"

"Mwaka wa pili huu, Shangazi!"

"Basi atakuja na nyama ya miaka miwili, na wewe sikupi hata ukwato."

Watu wakacheka kwa shida. Aliyecheka kwa moyo ni Abia. Mzee alikuwa kipofu, na kila jina la mwanawe lilipotajwa, uso wake uling'aa.

"Ewe mchora ramani," akasema, "kwenu milima hutoroka, hata mkaishika kwa wino?"

"Yatorokayo ni majina, Mzee."

Salomine akaivuta glavu ya Hagerup iliyopasuka, akaanza kuitia kiraka kwa alama yake ya siku zote: ukanda mwekundu kati ya miwili myeupe.

"Hiyo ni glavu," akasema Abia. "Sindano hulia namna moja kwenye glavu, namna nyingine kwenye kiatu. Tangu nilipopoteza macho, mwanamke huyu hajaweza kunificha nguo mpya."

"Mdaku mkubwa wewe," mkewe akamwambia. "Nyamaza, utanifanya nijichome."

Kesho yake Hagerup akaenda kuupima mlima. Chini yake, mahali upepo usipofika, akakuta mawe yaliyopangwa kwa mkono wa mtu. Moja lilikuwa limeteleza. Akainama, akaona ngozi ya sili iliyoshonwa ikafumbata kitu kirefu. Na juu ya mshono ulipita ukanda mwekundu kati ya miwili myeupe.

Akaitazama glavu yake kitambo kirefu. Kisha akalirudisha jiwe mahali pake.

Salomine alimpokea juu ya barafu, mbali na nyumba za watu.

"Umeyaona mawe."

"Nimeyaona, mama."

"Nilimkuta barafu ilipoanza kuyeyuka. Nilikuwa nimekwenda kuvua samaki, peke yangu. Nikarudi nyumbani nikashona, nikaenda nikamzika." Akajifuta uso kwa kiganja. "Unadhani sitaki kumpakata mtoto wa Birgithe? Mikono inaniuma kwa kumtamani. Lakini Abia hana macho, na mwana hana. Alicho nacho ni jina lile, alisikie kila siku. Nikinyamaza tu, atajua. Niapie hutamwambia."

Hagerup akaapa.

Jumapili kanisa lilijaa. Abia aliketi kati ya mkewe na mchora ramani. Mhubiri akauliza mtoto aitwe nani. Birgithe akamgeukia shangazi yake, akamtazama. Akamtazama tena, na machozi yamemlenga.

Salomine akatikisa kichwa.

"Esajas," akasema Birgithe.

Maji yakamiminwa. Wanawake wakaenda mbele kumnusa mtoto shavuni, kama ilivyo ada yao, na Salomine akaenda pamoja nao. Hapo Abia akamwinamia Hagerup, hata midomo yake ikaligusa sikio la mgeni.

"Ulifika kule. Mawe yanamsitiri vyema? Mbweha hawajamfikia?"

Hagerup akageuka, akayatazama macho yale yasiyoona.

"Sanda nayo ina mlio wake," mzee akanong'ona. "Niliusikia usiku kucha, nikajifanya nimelala. Usimwambie kuwa najua. Akijua, itambidi anyamaze, naye hana faraja nyingine duniani ila kulitamka jina lile. Nimnyang'anye hilo, eti kwa sababu mikono yangu inamtamani mtoto?"

Salomine akarudi, akaketi, akamshika mumewe mkono.

"Mtoto ana kelele huyo!" akasema. "Tulimaq akirudi, atamcheka."

Uso wa Abia ukang'aa.