Corolla ya Renatha Yagoma

Renatha alitoka kanisani na wanakwaya wenzake, akakuta kijana asiyemjua ameketi kwenye usukani wa Corolla yake, jasho linamtiririka.

Hakupiga kelele. Alipapasa mkobani, akaigusa rota aliyoichomoa kabla ya ibada: kidude cheusi cha kwenye injini ambacho bila hicho gari haliwaki hata uliombee. Grisi yake ilikuwa imeshachafua leso.

Mtaa mzima ulikuwa ukimcheka. Gari la rimoti, linajifunga lenyewe, na bado anachomoa vyuma! Yeye aliwajibu kwamba rimoti ni redio tu, na redio mtu yeyote anaweza kuinasa.

Kijana alichungulia dirishani. "Shikamooni, mama zangu. Gari la mjomba limegoma. Nisukumeni kidogo."

"Marahaba, mwanangu!" Renatha aliwakonyeza wenzake. "Kina mama, kazi hiyo."

Walifunga vitenge viunoni, wawili wawili wakaegemea kila mlango usifunguke, mmoja akaanzisha wimbo. Corolla ikaanza kuteremka kuelekea mjini.

"Msiache mpaka liwake!" kijana alisihi.

"Hatuachi, baba," alisema Renatha, akihema kwa raha. "Tunakufikisha mpaka getini kwa polisi."