Nyati Aliyeomba Kupumzishwa

Msibishane nami, nilikuwapo. Simba mwenyewe alinipisha kiti. Nyati mzee alivunjika uti wa mgongo, akalala akioza huku yu hai. "Jamani, nipumzisheni," akawaomba wenzake.

Wakaitisha baraza. Korongo mcha Mungu akasema, "Uhai si wetu."

Fisi mlafi akadakia, "Basi niachieni mimi niamue. Huyu mzee wangu."

"Mzee wako tangu lini, we tumbo?" akafoka binti Nyati. "Baba aamue mwenyewe!"

Wakabishana masika yote, mwisho wakakubali: mgonjwa ataamua kwa kinywa chake. Wakaenda kumuuliza. Nyati akawatazama tu, sauti ilishamkauka.

"Kanyamaza, karidhia," akasema Fisi, "kama mwari anapoulizwa kuhusu mchumba."

"Mwari hunyamaza kwa haya," akajibu Korongo. "Huyu labda kabadili nia."

Wakarudi barazani kujadili maana ya kunyamaza. Binti akabaki akimfukuzia baba yake nzi, mpaka alfajiri moja mzee akakata roho usingizini.

Yote nimeyaona kwa macho yangu, ila hapo pa kukata roho nimepatunga. Nilipoondoka alikuwa angali anapumua, nao wangali barazani.