Matairi Yaliyochongwa

Gari lililovutwa kutoka mtaroni lilikuwa bado linachuruzika maji. Fundi akainama, akapitisha kidole kwenye tairi la mbele. Mfereji mmoja kati ya iliyochongwa kwenye mpira ulikuwa umepinda. Hapo ndipo kisu kilipomteleza siku alipolichonga tairi hilo kipara lionekane jipya.

“Mvua hii, jamani! Gari likaelea juu ya maji, usukani ukakataa,” alisema mjomba wake, mwenye gereji, huku akichokoa meno. “Maskini dereva, anapumulia mashine.”

Akatema kipande cha nyama.

“Haya, mwanangu, matairi ya nyuma hayajaumia. Yang'oe, uyachonge tena. Kuna mteja.”

Akamnyooshea kisu.

Fundi akakipokea. Akakididimiza ubavuni mwa tairi la nyuma mpaka mpini, akasikiliza upepo ukitoka, kisha akaliendea la pili.