Meza ya Chai ya Wodi ya Wazazi

Tangazo liliposomwa kwamba hospitali sasa itajiamulia mambo yake bila kungoja kibali cha makao makuu, Metroni Leokadia hakupiga makofi. Alikwenda wodi ya wazazi, kwenye kasha kubwa la mbao ambalo manesi walilifanya meza ya chai. Akaondoa birika na vikombe, akabaki na chake mkononi, akamwita fundi Sefu aje na nyundo.

"Metroni, hapa pameandikwa lisifunguliwe mpaka mhandisi wa makao makuu aje."

"Tumemngoja mpaka likageuka meza. Wewe huna hamu ya kujua tunanywea chai juu ya nini?"

Misumari ikalia. Kitandani, mama aliyejifungua kabla ya siku zake alinyanyua shingo atazame, kichanga chake amekifunga kifuani kwa kanga kipate joto.

Ndani mlikuwa na kisanduku cha kioo, kigodoro na taa. Ilikuwa ile mashine ya kuwapa joto watoto njiti waliyoiomba makao makuu kila mwaka.

Sefu akachomeka waya ukutani. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Metroni alikuwa bado ameshika kikombe chake, hajui pa kukiweka.