Njuga Chini ya Gauni

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu langu ndilo lililoiokoa ibada ya Krismasi pale Bariadi.

Kwenye mazoezi mzee wa kanisa alituonya: njuga ni za wacheza ngoma, asizisikie kanisani. Nikazifunga mguuni chini ya gauni refu, nikatembea polepole zisilie.

Wamisionari wetu wawili, mume na mke, wazee wa mvi, walikuwa wanatuaga siku hiyo. Nilitaka waondoke na mlio wa kwetu. Mume, tuliyemwita babu, aliongoza kwaya; mkewe, bibi, alipiga kinanda. Katikati ya wimbo wa mwisho, baridi yabisi ikakaza vidole vya bibi. Vikajikunja juu ya kinanda, havikufunguka tena.

Sauti zetu zikatawanyika. Babu akashusha mikono, akamtazama mkewe. Bibi akavificha vidole mapajani.

Nikapiga mguu chini.

Njuga zikalia. Nikapiga tena na tena, mpaka besi wakarudi na akina mama wakapiga vigelegele. Babu akainua mikono. Bibi akasimama, akavua viatu, akaja kukanyaga sakafu kando yangu.

"Usiache, mayu," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma chetu. Alikuwa anacheka.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa alinisubiri mlangoni.

"Nkwimba, Jumapili utasimama mbele ya watu uombe radhi."

"Kusimama nitasimama, baba," nikamjibu. "Radhi siombi."