Kisima cha Nguchiro

Aibu yangu mimi Korongo, ndege niliyetembea nchi saba, acheni niitaje mwenyewe kabla wengine hawajaitia chumvi. Nilitua Bonde la Nguchiro wakati wa kampeni nimevaa kofia ya pembe mbili ya chama cha Nyati, nikapaza sauti: "Nyati oyee!"

Bonde zima lilikuwa limevaa fulana za Kiboko, mpinzani wake.

"Mzee wangu, hiyo ni ya uchaguzi uliopita," akaninong'oneza Nguchiro mmoja. "Ivue."

Nyati mwenyewe alikuwa nyuma yangu, anahema kwa kiu na hasira. Bila kura za bonde lile, urais angeusikia redioni tu.

"Mama Chausiku," akamwambia mkubwa wa Nguchiro aliyeketi kando ya kisima, "mara kwangu, mara kwa Kiboko, hamna haya? Kisima hiki niliwachimbia mimi! Waigeni Kobe wa mlimani. Tangu enzi za babu yangu kura zao zote ni zetu. Haya, nipeni maji ninywe, tuyamalize."

Mama Chausiku akamtazama kuanzia kwato hadi pembe.

"Hao Kobe wako, uliwachimbia kisima?"

"Bado."

"Basi nenda ukanywe kwao."