Gogo la Baba

Baada ya mazishi, binti aliingia chumbani kuliaga gogo lenye mikono mitatu ya mti ambalo baba yake alilitumia kufanyia mazoezi ya kungfu kila asubuhi, kibiongo cha mzee kikiwa kichekesho cha nyumba nzima.

Akajiweka tayari kupiga. Mikono ya gogo ilimfika kiunoni.

"Mama, mbona liko chini hivi?"

"Si alilishusha akufundishe, ulipokuwa mdogo."

"Lakini mimi niliacha zamani. Yeye alipigaje?"

"Kwa kuinama. Nilimwambia alipandishe, mgongo utammaliza. Akasema, mtoto akirudi hatalifikia."

Binti alipapasa mti uliolika kwa mapigo, laini kama sabuni. Kisha akapiga magoti, mpaka ile mikono ikamfika kifuani.